Muungwana Akivuliwa Nguo



Juma hili tumependa kuzungumzia jambo lililo jepesi ulimini na zito moyoni, nalo ni kuomba radhi. Mfano tuliouchagua hatukuutoa katika visa vya wazee wetu. Tumeutoa katika mchezo wa televisheni wa Marekani ulioonyeshwa usiku mmoja tu, kisha ukafa.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 20 Januari 1961, siku ile ile aliyoapishwa John F. Kennedy kuwa Rais. Usiku huo kituo cha CBS kilizindua kipindi kipya kiitwacho You're in the Picture. Mwendeshaji wake alikuwa Jackie Gleason, mchekeshaji mzaliwa wa Brooklyn aliyependwa mno nchini mwake. Sifa zake zilivuma zaidi kwa mchezo wa The Honeymooners, ambamo aliigiza dereva wa basi mwenye maneno mengi na mipango isiyofaulu, ambaye aghalabu mwisho wa kisa humrudia mkewe akikiri kwamba yeye ndiye mkosa.

Kipindi hicho kipya kilikuwa hivi: watu wanne mashuhuri walipenyeza nyuso zao katika matundu ya ubao mkubwa, uliochorwa picha ya tukio au wimbo unaojulikana. Watazamaji waliiona picha, ilhali wao waliokuwa ndani yake hawakuiona. Basi wakawa wanamwuliza Gleason maswali, mpaka wabaini wamo katika picha gani. Kwa kusimuliwa huenda ukapendeza, lakini kwa kutazamwa haukupendeza hata kidogo, na wachambuzi hawakuuhurumia.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 27 Januari, waliowasha televisheni zao hawakuuona ubao wala wale wageni. Waliona jukwaa tupu, kiti kimoja, na Gleason amekaa na kikombe chake. Kwa muda wa nusu saa nzima aliwaeleza watu kwamba kipindi cha juma lililopita kilikuwa kibovu kupita kiasi, akasimulia jinsi watu wenye uzoefu wa miaka mingi walivyoketi pamoja wakakubaliana kwamba wazo lile ni zuri. Watu walicheka, na kuomba radhi kwake kulisifiwa kuliko kipindi chenyewe.

Atakuwepo wa kusema kwamba ile ilikuwa biashara tu, kwani nusu saa ile ilikuwa lazima ijazwe, na mchekeshaji hula kwa kujicheka. Hatubishi. Lakini njia nyepesi zilikuwepo. Angeweza kuleta waimbaji na kunyamaza, kana kwamba hapakutokea jambo. Angeweza pia kuupaka mchezo rangi mpya na kuendelea nao. Yeye alikiri, na baada ya kukiri hakuurejesha tena. Majuma yaliyobaki, hadi mwezi wa Machi, yalikuwa ya mazungumzo na wageni, chini ya jina lake mwenyewe. Kosa lilitajwa, kisha likaachwa.

Tukageuka tukazitazama nyumba zetu. Mtoto akikosa, tunamfundisha aende kwa bibi yake, ashike mkono, aseme, "Niwie radhi." Je, mkubwa akikosa? Hapo hupikwa chakula akipendacho mtoto, hutolewa shilingi ishirini za peremende, na sauti hulainishwa. Ila neno lenyewe halitoki. Tunahofia kwamba likitoka, heshima itatoka nalo.

Sisi tunaoandika hapa hatujitoi. Tulipata kumshutumu binti yetu kwa shilingi mia mbili za dukani zilizopotea. Alisema hakuzichukua. Tukamwambia asiongeze uongo juu ya wizi, na maneno hayo tuliyasema mbele ya nduguze. Siku ya pili, tulipokuwa tukiikunja leso, tukazikuta zimefungwa katika pindo, mahali tulipozifunga kwa mikono yetu. Jioni hiyo tulimwita, "Njoo ule, mwanangu," tukampakulia mapande mawili ya samaki. Alikula kimya, akaosha sahani yake, akaenda kulala.

Ilitupasa kungoja siku tatu hata tukapata ujasiri wa kumwita mbele ya nduguze wale wale, tukasema: "Pesa tulizifunga sisi wenyewe. Hukuiba na hukusema uongo. Tuwie radhi." Akatutazama, kisha akajibu, "Nilijua utaziona, mama. Nilikuwa nikingoja useme."

Wazee wetu walinena kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hakimbii, wala hamtafuti wa kumlaumu, bali hujistiri kwa unyenyekevu. Gleason alichutama mbele ya taifa zima, naye hakupungukiwa na kitu. Sisi hushindwa kuchutama mbele ya mtoto mmoja, jikoni mwetu, pasipo na mtu wa kutazama ila nduguze. Na hao nao wanajifunza.

Basi mama, baba, shangazi, ikiwa lipo neno unalodaiwa na mdogo wako, litoe juma hili. Lisemwe waziwazi, mbele ya waliolisikia shutuma, wala lisifuatwe na "lakini". Samaki na apikwe pia, ila baada ya neno.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.