Kapita akienda, jembe linalala

Ndugu wakulima wa Kamina, sisi maagronome tunasikia kila siku: "Wanamemba wa koperative ni wavivu." Hapana. Mtu yule yule anayechelewa kwa shamba la koperative, kwa shamba lake anafika mbele ya jua. Basi ubaya hauko ndani ya mikono. Uko ndani ya namna tunaongoza kazi.

Wazee wetu walilimishwa pamba kwa nguvu tangu 1917. Nyuma ikakuja salongo ya Mobutu. Kapita akiita, watu wanakuja. Kapita akienda, jembe linalala. Koperative nyingi zinafuata bado desturi ile.

Lakini sheria ya koperative ya OHADA ya 2010, inayotumika Kongo tangu 2012, inasema: mwanamemba mmoja, sauti moja. Sauti ile ifike mpaka shambani. Ekipi ya watu sita ao nane wapewe kipande chao cha mahindi. Wao wenyewe wapange siku ya kupanda, nani atapalilia, nani ataandika siku za kila mtu ndani ya kaye. Komite itoe mbegu na isome hesabu mbele ya wote. Mavuno yagawanywe kufuatana na kazi iliyoandikwa.

Ni kweli, ekipi inaweza kumficha mvivu wa jamaa. Ndiyo maana kaye isomwe kila juma.

Na sisi maagronome tupunguze amri: tukuje kujibu maulizo, siyo kuhesabu vichwa. Mujaribu na kipande kimoja tu, mbele ya mvua ya kwanza.