Majibu ya maabara yabandikwe gatini

SAFU: NENO LA WIKI
Na Neema Massawe

Kuanzia Ngarenanyuki hadi Oldonyosambu, kuzunguka Mlima Meru, maji mengi ya ardhini hutoka maangavu, bila harufu wala rangi. Anayejaza ndoo haoni kasoro. Kasoro huonekana miaka baadaye, kwenye meno ya kahawia ya watoto, na palipozidi, kwenye mifupa iliyopinda. Miamba ya volkano ndiyo inayoyapa maji hayo floraidi. Kuyachemsha hakusaidii, maana maji hupungua kwa mvuke huku floraidi ikibaki palepale.

Zamani vijijini tuliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita, baadaye 4, kwa hoja kwamba vyanzo vingine ni haba. Leo kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ni miligramu 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Ni hatua njema. Lakini kisima kilichokabidhiwa kihalali enzi zile leo kinaweza kuwa nje ya kiwango, na wanaokitumia wasiambiwe.

Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na miradi huendeshwa na vyombo vya jamii. Kila ndoo inalipiwa, na fedha hizo ndizo zinazolipa fundi, mlinzi na nishati ya pampu. Kipimo cha maabara ni rahisi kuahirishwa. Pampu ikizima, kijiji kizima kinapiga kelele siku hiyohiyo; maji yakiharibika, nani atajua? Nayo hubadilika. Masika vyoo vya shimo vikifurika, vimelea hupenya kwenye kisima kifupi kisichozibwa vizuri. Kipimo cha siku ya uzinduzi hakiwezi kuwa kinga ya miaka yote.

Kwa hiyo nadai jambo moja: majibu ya kipimo yabandikwe gatini, pale tunapochotea maji, kando ya bei ya ndoo, kwa Kiswahili chepesi. Yaonyeshe tarehe, floraidi ni kiasi gani, na kama vimelea vimeonekana. Gharama ya kupima iwekwe kwenye bajeti ya mradi kama inavyowekwa ya fundi, na maabara za serikali ziwafikie watu wa miradi midogo kwa ratiba inayojulikana.

Floraidi ikizidi, kufuli pekee si suluhisho, kwani watu watarudi kwenye vijito na madimbwi. Tuanze na maji ya kunywa na kupikia, ambayo ni sehemu ndogo tu ya matumizi ya nyumbani. Hayo yachujwe kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi, au yachotwe kwenye chanzo salama zaidi, yakiwemo ya mvua.

Wananchi nao wana kazi. Katika mkutano ujao wa kijiji, kabla taarifa ya mapato na matumizi haijapitishwa, ulizeni: maji yetu yalipimwa lini, na majibu yako wapi?