Vifaa vya kambi visiwafungie wanafunzi mlango

Kila zikaribiapo likizo za Agosti, wanafunzi wengi hupeleka nyumbani karatasi yenye orodha ndefu ya vifaa vya ziara: hema, mfuko wa kulalia, mabuti, koti zito, kurunzi na jiko. Mzazi aliyekwisha kukopa ili alipe karo huisoma orodha hiyo, akaikunja, na mtoto akabaki nyumbani. Mwaka unaofuata ziara huwa ya mahali pengine, na orodha huwa nyingine. Nionavyo mimi, tatizo hili halitokani na umaskini wa wazazi peke yake. Linatokana pia na sisi walimu kutojua kuchagua.

Nakiri kwamba nami ni miongoni mwa wakosaji. Miaka michache iliyopita niliwaongoza wanafunzi wangu wa isimu hadi Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana, kukusanya maneno machache yaliyosalia ya lugha ya kale ya Waelmolo, ambao kwa muda mrefu sasa wamekuwa wakizungumza Kisamburu. Orodha ya vifaa niliinakili kutoka ziara ya Mlima Kenya bila kuondoa hata neno moja. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa na sikio kali kuliko wenzake wote katika fonetiki, hakuweza kununua mfuko wa kulalia wala koti zito. Akabaki. Tulipofika, joto lilikuwa jingi hata hakuna aliyeifungua mifuko hiyo. Lakini usiku upepo ulivuma, na mahema yetu yakang'oka kwa kuwa vigingi vyake vilikuwa vifupi mno. Hivyo tulimwacha mwenzetu kwa ajili ya vitu tusivyovihitaji, na tukakosa kile tulichokihitaji.

Upepo ule si siri. Ndio uzungushao mitambo 365 ya umeme iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019 katika eneo hilo hilo. Mlimani nako, kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6.5 za Selsiasi. Kutoka Nairobi hadi Kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, tofauti hufika nyuzi 20 hivi. Pwani, adui ni mbu na unyevu.

Je, vipo vifaa viwezavyo kuhudumu kotekote? Naam, tena vingi. Kanuni ni kuchagua vitu vinavyoweza kuongezwa na kupunguzwa. Badala ya koti moja zito, mwanafunzi na achukue sweta mbili za sufu na koti jepesi lisilopitisha maji. Mlimani atavaa vyote pamoja. Pwani koti hilo litamtosha siku ya mvua. Sufu hata ikilowa huendelea kutunza joto, ilhali pamba iliyolowa humzidishia mtu baridi. Sweta za namna hiyo hupatikana katika mitumba ya Gikomba. Hema nalo liwe la tabaka mbili, la ndani likiwa na wavu: tabaka la nje likiondolewa, la ndani huwa chandarua. Vigingi viwe virefu, vya chuma. Chupa ya maji pia iwe ya chuma, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa, misitu na fuo zinazolindwa.

Katika jiko, tahadhari yahitajika zaidi. Gesi ya butani hulegea baridi ikaribiapo kiwango cha kugandisha maji, lakini jiko la mafuta ya taa huwaka mlimani na jangwani. Isitoshe, kwenye mita 4,200 maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi, na maharagwe hayaivi. Afadhali unga wa uji. Na jiko la aina yoyote, hasa la makaa, lisiingizwe kamwe ndani ya hema. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Watakuwapo watakaonikumbusha kwamba mtaka yote hukosa yote. Nakubali. Mfuko wa kulalia wa baridi kali, kwa mfano, hauna badala mlimani. Lakini kifaa cha namna hiyo ndicho kisichofaa kununuliwa na mzazi kwa ajili ya siku nne. Kila shule na iwe na ghala dogo la mahema, mifuko ya kulalia na majiko, lijazwe kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka; na shule jirani ziazimane kwa zamu. Mwanafunzi atakiwe kuleta nguo, sahani na blanketi tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Neno safari limetoka katika Kiswahili likaingia katika lugha nyingi za dunia. Itakuwa aibu ikiwa watoto wetu watalijua kutokana na magari ya watalii yanayowapita barabarani. Yule mwanafunzi wangu alihitimu bila kuwasikia wazee wa Loiyangalani. Hema laweza kununuliwa mwaka ujao, lakini wazee wale hawana ahadi ya kutungojea.