Kabla ya Kununua Shokapu, Pima

Katika likizo iliyopita nilikaa nyumbani kwetu Isevya, na karibu kila siku nilisikia mabishano ya jambo moja: shokapu gani zafaa kuwekwa katika motokaa iliyoshushwa. Mabishano hayo yalianza gerejini, yakaja barazani, mwisho yakatufuata mpaka mkekani wakati wa chakula. Kila mtu alikuwa na jina la shokapu aipendayo, lakini sikumwona hata mmoja aliyeshika futi ya kupimia. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu, maana naona jambo hili lawahusu hata wale wasiokuwa na motokaa. Wote twapanda za wenzetu.

Kaka yangu alinunua Toyota Corolla iliyokwisha kutumika. Mwenyewe wa kwanza alikuwa kijana mpenda mapambo, naye alizikata springi zake ili motokaa ilale karibu na ardhi. Kaka aliipenda kwa umbo hilo hilo. Baba alimsaidia kwa sehemu ya fedha za tumbaku, kwa shauri kwamba motokaa ifanye kazi ya teksi, na faida yake iwasaidie wadogo zetu katika masomo. Basi motokaa ile kwetu si pambo. Ni shamba la pili.

Baada ya miezi michache shokapu za mbele zilianza kuvuja mafuta. Kaka akaenda kutafuta nyingine, naye aliuliza swali moja tu: "Za Corolla bei gani?" Akapewa za Corolla, zilizokwisha kutumika, za bei nafuu, zikafungwa jioni ile ile. Hazikumaliza miezi miwili. Kila tulipopita juu ya tuta, kitu kiligonga "ko!" chini ya miguu yetu. Siku moja tulikuwa tukitoka Sikonge, mama ameketi mbele, tukafika penye tuta ambalo kaka hakuliona mapema. Motokaa iligonga chini, ikaruka, ikatua, ikaruka tena, na usukani ukawa kama hauna kazi, kwa kuwa matairi hayakuishika barabara. Tulisimama mchangani nje ya lami, hatua chache tu kutoka kwenye mti. Mama aliumia mkono. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema, "Mwanangu, ukitaka kupendeza, nunua shati."

Watu wakaanza kulaumu. Wengine walimlaumu fundi, wengine muuzaji, wengine aliyejenga tuta. Mimi naona kosa lilikuwa katika lile swali. Shokapu zile zilikuwa za Corolla kweli, lakini ni za Corolla iliyosimama kwa kimo chake cha kiwandani. Yetu haikuwa hivyo tena.

Watu wengi hudhani kwamba shokapu ndiyo inayoubeba uzito wa motokaa. Sivyo, springi ndiyo inayobeba. Mtazame mtu achotaye maji kwa mzega. Ndoo mbili zimening'inia katika ncha za mti, na kila apigapo hatua mti hupinda na kurudi. Mti huo ndio springi. Asipotia mkono kuzituliza, ndoo zitarukaruka mpaka nusu ya maji imwagike njiani. Mkono huo ndio shokapu: haubebi, bali hutuliza. Nadhani wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa wakipita hapa Tabora baina ya Bagamoyo na Ujiji na mizigo ya kadiri ya frasila mbili, yaani karibu kilo 32, walilijua jambo hili bila ya kufundishwa Fizikia. Mzigo unaoruka humchosha mtu kuliko mzigo mzito uliotulia.

Ndani ya shokapu mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda au likishuka, pistoni huyalazimisha mafuta kupita katika matundu hayo, na nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto. Mbele ya Corolla, shokapu imevishwa springi, na vyote viwili vimekuwa kama mguu mmoja unaolishika gurudumu na kugeuka pamoja na usukani. Mguu wa namna hii huitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na kampuni ya Ford iliutumia katika motokaa zake za Consul na Zephyr mwanzoni mwa miaka ya 1950. Siku hizi umo katika motokaa nyingi ndogo. Kwa kuwa ndio unaolishika gurudumu, ukichoka haipotei starehe peke yake. Hupotea na uwezo wa kukata kona na kufunga breki.

Sasa tutazame springi iliyokatwa. Sisi wanafunzi twaijua kanuni ya Robert Hooke, aliyoieleza mwaka 1678, kwamba springi huvutika kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Lakini wengi wetu huiacha kanuni hiyo katika karatasi ya mtihani. Tuseme springi ina mizunguko 6 inayofanya kazi, nawe ukaukata mmoja. Je, imekuwa dhaifu? Hapana, imekuwa ngumu zaidi, maana uzito ule ule sasa umeachiwa mizunguko 5. Ugumu wake umezidi kwa sita juu ya tano, yaani asilimia 20. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, na shokapu ya asili haikuwekewa kipimo cha kuituliza. Ili motokaa itulie kama zamani, nguvu ya shokapu hufuata kipeuo cha pili cha ugumu wa springi. Na kipeuo cha pili cha 1.2 ni karibu 1.1. Basi yataka shokapu yenye nguvu zaidi kwa asilimia 10 hivi. Tena, kama springi ilikatwa kwa moto wa gesi, chuma kilichopata joto hupoteza ugumu wake, na hapo hesabu yote huharibika.

Jambo la pili ni nafasi. Kwa mfano, tuseme pistoni ya shokapu ina mwendo wa sentimita 16, na motokaa ikisimama tupu pistoni ipo katikati, imebakiwa na sentimita 8 za kushuka. Ukiishusha motokaa kwa sentimita 5, zimebaki 3. Watie abiria wanne na gunia la mpunga nyuma, kisha pita juu ya tuta. Pistoni itafika mwisho na kugonga kabla tairi halijamaliza kupanda. Ile "ko!" tuliyoisikia kila siku ilikuwa ni shokapu ikituambia kwamba haina pa kwenda. Dawa yake si kutafuta jina kubwa zaidi. Dawa yake ni shokapu yenye mwili mfupi, iliyotengenezwa kwa ajili ya springi fupi, ili pistoni irudishiwe nafasi yake ya kushuka.

Najua nitapingwa. Mzee mmoja jirani yetu husema kwamba iliyo bora ni ile ngumu kupita zote. Kwa heshima yake, sikubaliani naye. Barabara zetu kuu zimetiwa lami, lakini njia nyingi za kwenda vijijini zina mawimbi kama bati la kuezekea. Shokapu ngumu kupita kiasi ni kama mkono uliokakamaa juu ya ndoo: tairi huruka kutoka wimbi hata wimbi bila ya kuigusa ardhi sawasawa.

Wengine husema kuwa shokapu iliyotumika Japani ni bora kuliko mpya ya bandia. Neno hili lina ukweli kidogo, maana bandia zipo. Lakini ya kutumika huijui imekwenda maili ngapi, wala raba inayozuia mafuta yasivuje ina umri gani. Tena karibu zote zilitoka katika motokaa zenye kimo cha kawaida. Shati la mtumba nalivaa, ila shokapu ya mtumba naiogopa.

Wengine husema, "Chukua ya gesi, basi." Gesi ya nitrojeni ina faida ya kweli. Katika njia ndefu mbovu mafuta hupata joto na kufanya povu, na povu haliwezi kuzuia kitu. Gesi huyagandamiza mafuta yasifanye povu. Kwa safari zetu ningechagua ya gesi. Lakini shokapu ya gesi yenye urefu usiofaa itagonga kama nyingine tu.

Tulipopima wenyewe, kaka na mimi, tulitoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka ukingo wa bodi juu yake. Kisha tukaomba ruhusa kupima Corolla ya jirani, ya namna ile ile, ambayo haijakatwa springi. Yetu ilikuwa chini kwa sentimita 5. Kazi yenyewe haikuzidi robo saa, wala haikutugharimu senti moja. Laiti tungaliifanya kabla ya kununua mara ya kwanza.

Kwa hiyo naona njia ni mbili, wala hakuna ya tatu. Ya kwanza ni kurudisha springi nzima za kiwandani, na kununua shokapu mpya za kawaida. Ya pili, kwa mtu asiyetaka kuacha umbo la chini, ni kuzitupa springi zilizokatwa na kununua springi fupi zilizotengenezwa hivyo tangu mwanzo, pamoja na shokapu fupi zinazolingana nazo. Katika njia zote mbili sharti shokapu zibadilishwe mbili mbili, kulia na kushoto kwa pamoja. Raba ya juu na beringi yake zitazamwe. Na baada ya kufunga, motokaa ipelekwe kwenye alaimenti, maana kimo kikibadilika magurudumu huinama, na matairi huliwa upande wa ndani.

Kwa motokaa ya teksi, inayobeba mama zetu, wagonjwa na magunia, mimi nachagua njia ya kwanza. Ni nafuu, spea zake hupatikana hapa hapa Tabora, na tuta halitakuwa adui. Njia ya pili siidharau. Yafaa kwa mtu anayekwenda na motokaa yake mjini, juu ya lami, na mwenye fedha za kununua vyote kwa pamoja. Ninachokikataa ni ile njia ya katikati, ya springi za kukata na shokapu za kubahatisha, kwa kuwa ndiyo iliyotupeleka mchangani.

Hivi ninapoandika, Corolla yetu imesimama juu ya mawe chini ya mwembe, na kaka bado hajaamua. Fedha zimepatikana kwa shida, wala hazitoshi kukosea mara ya pili. Gazeti hili litafika nyumbani, naye atalisoma. Kaka, nakuomba utakapofika dukani usiulize tena, "Za Corolla bei gani?" Mwambie muuzaji springi zako zina kimo gani. Muulize pistoni ina mwendo wa sentimita ngapi, mwili wake una urefu gani, na imetengenezwa kwa springi ya namna gani. Akishindwa kujibu, rudi nyumbani na fedha zako.

Mkono wa mama umepona, ila bado huketi kiti cha nyuma.