Jua au Mto? Neno Juu ya Zawadi ya Wazee wa Shule

Katika mkutano wa mwisho wa muhula uliopita Mwalimu Mkuu alitupa habari njema, kwamba wanafunzi wa zamani wamechanga fedha ili shule ipate taa za kutegemewa. Alituambia pia kwamba hawajakata shauri fedha hizo zitumike vipi. Wengine wataka tununue transfoma yetu wenyewe na kuvuta waya mpya, tupate umeme wa mto bila kugawana na soko na vinu vya mahindi. Wengine wataka paneli za jua juu ya mapaa yetu. Wiki mbili baadaye Chama cha Mdahalo kikalifanya jambo hilo kuwa mada yake.

Mimi nilisimama upande wa mto. Nilisema kwa sauti kubwa, nikapigiwa makofi, na upande wetu ukashinda kwa kura nyingi. Lakini tangu jioni ile sina raha, maana yalikuwako mambo mawili niliyoyajua nami nikayanyamazia. Leo nayasema, nanyi mtaona kwa nini nimegeuka.

Kwanza tuupe mto haki yake. Uganda ni nchi ya maji. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alikuja Jinja kulifungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale, na kwa miaka mingi viwanda na taa za nchi hii vilitegemea mahali pale pamoja tu. Baadaye yakafuata mengine katika mto ule ule: Kiira mwaka 2000, Bujagali mwaka 2012 lenye megawati 250, Isimba mwaka 2019 lenye megawati 183, na Karuma, lililofunguliwa rasmi Septemba 2024, lenye megawati 600. Linganisheni na jua. Kituo cha sola cha Soroti, kilichofunguliwa mwaka 2016, kina megawati 10. Vingehitajiwa vituo 60 kama hicho ili kulifikia Karuma, tena kwa saa za mchana tu, maana jua likitua kazi yake imekwisha. Mto haulali. Usiku wa manane, wakati hospitali inapohitaji taa na kiwanda cha chuma kinapoyeyusha chuma chake, maji yapita na mashine yazunguka. Hayo niliyasema katika mdahalo, na mpaka sasa sijayakana. Mtu asemaye kwamba nchi yaweza kuendesha viwanda vyake vyote kwa paneli za mapaani hajapiga hesabu.

Sasa niseme nililolinyamazia kwanza. Kwetu ni Busoga, karibu na Bujagali. Nilipokuwa mtoto mdogo babu yangu alinichukua kwenda kuyatazama maporomoko kabla hayajafunikwa na maji ya bwawa. Nakumbuka ngurumo yake kuliko sura yake. Kwa wazee wetu pale palikuwa mahali pa heshima, makao ya roho iliyotajwa kwa jina lile lile la Bujagali. Leo maji yametulia pale kama ya bakuli. Babu hakuwahi kulilaani bwawa, kwa sababu wajukuu zake wasoma kwa taa. Lakini kila nimsikiapo mtu akisema kwamba umeme wa maji ni wa bure, kwa kuwa mvua hailipiwi, namkumbuka babu. Bwawa hulipiwa na watu wanaohamishwa mashamba yao, na mto unaobadilishwa njia zake, na deni kubwa linalochukuliwa siku ya kwanza, kabla taa moja haijawaka. Karuma liligharimu karibu dola za Marekani bilioni 1.7, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo kutoka China. Deni hilo tutalilipa sisi tulio madarasani leo.

Tena mto nao una siku zake za ugonjwa. Mimi nilizaliwa mwaka 2006, wakati maji ya Ziwa Victoria yalipokuwa yamepungua sana na umeme ukagawiwa kwa zamu, huku serikali ikikodi mashine za dizeli kwa gharama kubwa. Mama aniambia kwamba usiku ule taa zilizimika na mkunga akamaliza kazi yake kwa kandili. Mwaka 2020 mambo yakageuka. Ziwa lilijaa likapita hata alama ya 1964, na mwezi wa Aprili kisiwa cha majani kinachoelea kikasukumwa mpaka kwenye mitambo ya Jinja na kuiziba, nchi nzima ikaingia gizani. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2024 ukame ulilishusha ziwa la Kariba, ambalo Zambia na Zimbabwe hulitegemea, hata watu wa Zambia wakakaa bila umeme saa nyingi kila siku. Nchi inayoweka mayai yake yote katika mto mmoja yafaa ikumbuke hayo.

Lakini ndugu zangu, kosa letu kubwa katika mdahalo lilikuwa hili: tulibishana kana kwamba shule yetu ni Uganda nzima. Sisi hatuna kiwanda cha chuma. Tuna madarasa, mabweni, maktaba, maabara na kisima. Swali letu ni dogo zaidi: je, sisi twahitaji nini, na nani atakitunza?

Hapo mto una udhaifu mwingine. Karuma laweza kuwa na maji tele, na sisi tukakaa gizani, kwa sababu kati ya bwawa na dawati langu kuna mamia ya maili za waya na nguzo. Muhula uliopita mti ulianguka juu ya waya katika dhoruba, nasi tukakaa usiku tisa bila taa, watahiniwa wakisoma kwa mishumaa. Transfoma mpya haizuii mti kuanguka.

Basi nilipata kalamu, nikazunguka shule nzima siku mbili nikihesabu taa. Ziko 84. Tukitia balbu za siku hizi za wati 10, zote pamoja zinakula wati 840. Twaziwasha saa tatu za masomo ya jioni na saa moja ya alfajiri, jumla saa nne. Zidisha, utapata wati-saa 3,360. Paneli moja ya wati 400 katika siku njema hapa kwetu hutoa wati-saa 1,600 hivi, ukiisha kutoa yale yanayopotea njiani. Kwa hiyo paneli tatu zatosha siku ya jua, na tukiweka sita tutakuwa na akiba kwa siku za mawingu. Ndugu, paneli sita! Haziwezi kujaza hata nusu ya paa la maktaba. Na bei ya paneli si ile ya zamani. Kati ya 2010 na 2020 ilishuka karibu sehemu tisa katika kumi.

Kisima nacho ni rahisi zaidi. Pampu ya jua husukuma maji mchana, jua likiwa kali, na tangi huyaweka mpaka jioni. Hakuna betri, kwa kuwa tangi lenyewe ndilo akiba. Na ukifikiri sana, hivyo ndivyo ziwa linavyofanya pale Jinja: ni tangi kubwa linalongoja kazi. Kumbe jua na mto si maadui. Kila kimoja chataka mahali pa kuweka akiba, na hapo ndipo gharama yake ya kweli ilipo.

Sasa nafika kwenye jambo la pili nililolinyamazia, nalo lanichoma zaidi.

Wengi mwakumbuka kwamba maktaba ilikuwa na sola, zawadi ya marafiki wa misheni. Ilifanya kazi vizuri miaka michache, na mwaka jana ikafa. Katika mdahalo rafiki yangu mmoja alisema, "Mmeiona sola ya maktaba? Ndiyo hiyo sola mnayoitaka!" Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka nao. Lakini mimi nilijua kwa nini ilikufa.

Betri zile zilikuwa za aina inayotaka kuongezewa maji safi ya betri kila baada ya muda, nasi hatukumpa mtu kazi hiyo. Kila mmoja alidhani ni ya mwenzake. Tena chumba cha viranja kimepakana na maktaba, na sisi viranja tulivuta waya kwa siri kutoka kwenye inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama umeme wa nyumbani. Kila Jumamosi usiku tulichomeka pasi, ili Jumapili tuingie kanisani na suruali zenye mikunjo kama visu. Pasi ile ilikuwa yangu. Ilikuwa ya wati 1,000. Mtu na apige hesabu mwenyewe: pasi yangu moja ilikula kuliko taa zote 84 za shule hii zingekula kwa wakati mmoja. Betri zilinyonywa mpaka mwisho, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka hazikuinuka tena. Usiku zilipokufa kabisa, wadogo wa kidato cha nne walikuwa maktabani wakijiandaa kwa mtihani wa asubuhi. Walitoka wakipapasa ukuta. Mimi nilikuwa chumba cha pili na pasi ya moto mkononi, nikanyamaza.

Nimekwisha kumwambia Mwalimu Mkuu, na adhabu yangu naendelea nayo. Siandiki haya ili nisifiwe kwa kuungama. Naandika kwa sababu sola ya maktaba imetumiwa kama ushahidi dhidi ya jua, na ushahidi huo ni wa uongo. Jua halikutuacha siku hata moja. Sisi ndio tulioliacha.

Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti kubwa kati ya vitu hivi viwili. Gharama ya bwawa hulipwa mbali na mapema, na wengine: serikali, wahandisi, watu wa kandokando ya mto. Sisi twapata waya na karatasi ya malipo. Gharama ya sola hulipwa hapa hapa, polepole, na sisi wenyewe. Paneli yaweza kudumu miaka 25, lakini betri za kawaida hufa baada ya miaka mitatu mpaka mitano, hata zikitunzwa vema. Mtu akikupa paneli bila kukuambia habari za betri, amekupa ng'ombe bila kukuambia kwamba hula majani.

Kwa hiyo shauri langu kwa wazee wetu ni hili. Waya wa zamani tubaki nao kwa kazi nzito: mashine za karakana, kompyuta za maabara, na pasi, saa zilizoruhusiwa. Zawadi yenu itumike kwa taa na kwa pampu ya kisima, vyote kwa jua. Jikoni hakutabadilika, maana kupika ugali wa watu 600 hakuwezekani kwa paneli chache, na kuni zetu ni mada ya siku nyingine.

Lakini msitoe hata shilingi kabla sisi hatujaahidi. Kwa taa 84 twahitaji betri nne kubwa. Nimeuliza bei mjini, na kila moja yapita shilingi milioni moja kidogo. Sisi tu wanafunzi 600. Kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa muhula, kwa mihula mitatu tutakuwa na shilingi 1,800,000, na kwa miaka minne 7,200,000. Betri zitakapokufa, fedha ya mpya iko, nayo inatosha hata mafundi. Awekwe mwanafunzi mmoja wa kila kidato kuwa mtunzaji, mwenye daftari, aandike kila Jumamosi maji ya betri na hali ya nyaya. Na mlango wa chumba cha betri uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu na mmoja kwa mtunzaji, ili hata kiranja asiweze kuingia na pasi yake.

Najua wako watakaosema shilingi 1,000 ni nyingi kwa mtoto wa mkulima. Ni kweli, nami ni mmoja wao. Lakini mishumaa tuliyoichoma katika zile siku tisa iligharimu zaidi ya hapo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nitakapoondoka hapa mwisho wa mwaka sitaziona taa hizo zikiwaka. Nimeacha pasi yangu kwa Bwana Stoo, aiuze, na fedha yake iwe mchango wa kwanza katika mfuko wa betri. Haitapata nyingi, maana ni kuukuu. Basi nawaomba mnaobaki muiongezee.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita