Aulizwe Aliyetoa Amri

Katika mdahalo wa hivi majuzi shuleni mwetu, mwanafunzi mmoja alishikilia kwamba Myahudi, popote aishipo, hana budi kuwajibika kwa vita vya Israeli. Alipigiwa makofi mengi. Makofi hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Hebu tuitazame historia. Tarehe 6 Juni 1982 majeshi ya Israeli yaliivamia Lebanon. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kuwasukuma wapiganaji wa Kipalestina umbali wa kilomita 40 kutoka mpakani. Haukupita muda, majeshi hayo yakafika viungani mwa Beirut. Tarehe 8 Agosti Waziri Mkuu Menachem Begin alikiri kwamba vita hivyo vilikuwa vya hiari, si vya kulazimika. Alivitetea kwa hoja kwamba vita vya hiari huepusha vilivyo vibaya zaidi.

Kesho yake, jijini Paris, wauaji wenye bunduki na guruneti waliingia katika mkahawa wa Kiyahudi wakaua watu 6. Tarehe 9 Oktoba sinagogi kuu la Roma likashambuliwa, na mtoto wa miaka 2 akauawa. Nauliza: mtoto huyo alikuwa ameamrisha kifaru kipi?

Huenda msomaji akadhani nimewasahau Wapalestina waliochinjwa Sabra na Shatila mwezi Septemba mwaka uo huo. La hasha! Damu yao inalia vivyo hivyo. Waisraeli wenyewe walifurika Tel Aviv kudai uchunguzi, na mwaka 1983 tume ikamtwika Waziri wa Ulinzi, Ariel Sharon, lawama yake. Ikiwa Wayahudi wa Israeli kwenyewe walitofautiana kuhusu vita hivyo, yule wa Roma atabebeshwaje mzigo wake?

Nasi Wakenya tunayajua haya. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Waisraeli ililipuliwa Kikambala. Wakenya 10 walikufa pamoja na Waisraeli 3. Wahenga walinena kuwa fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Siku hizi hata nyasi za bonde la mbali huumia.

Walimu wenzangu, tusiwazuie vijana kuhoji vita. Wahoji shabaha yake, gharama yake na ukweli wa waliovitangaza. Lakini tuwafunze kumwelekezea swali aliyetoa amri, wala si jirani yake wa dini. Atakayeshindwa kuwatenganisha wawili hao hajajadili vita, ameviongezea uwanja.