Rufaa Isiwe Ngao ya Wezi

Mwalimu hasajiliwi na Tume ya Kuwaajiri Walimu bila cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Mbunge je? Ibara ya 99 ya Katiba ya 2010 humzuia anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, ila humruhusu kugombea maadamu rufaa yake haijakamilika.

Sisemi kila aliyefungwa ni mwovu. Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953. Mwaka wa 1963 akawa Waziri Mkuu. Lakini mfungwa wa uhuru na mwizi wa dawa za hospitali si ndugu. Rufaa ni haki; basi iamuliwe kabla ya uchaguzi. La sivyo, mchuma janga atakula na wa kwao: yaani sisi wapiga kura.